Saa za vipima-maji, Raskazone hadi Tongoni: shajara ya mradi

Hali ya sasa: nodi 5 (vifaa vidogo vyenye redio) zinapima kimo cha maji ya bahari kila dakika 10, na ya sita ni daraja. Mbili ziko Raskazone na zinasikika moja kwa moja na kituo mama kilicho juu ya paa. Tatu ziko Tongoni. Ujumbe wake hupitia daraja la Mwambani, ambalo hulala, huamka zamu ya kila nodi inapofika, husikiliza, hupeleka mbele, kisha hulala tena. Redio zote ni SX1276 (LoRa, mfumo wa redio za mbali zinazokula umeme kidogo; mwendo wa utumaji ni SF9, upana wa kHz 125). Ubongo ni maikrokontrola ya STM32L051. Umeme ni betri moja ya 18650 kupitia regyuleta ya MCP1700, ambayo yenyewe hunywa mikroampea 1.6 tu. Hakuna paneli za jua. Paneli ikifungwa kwenye nguzo ufukweni haikai wiki.

Shajara hii ni ya saa tu.

Nani anadai saa sahihi

Si bahari. Bamvua ikiwa na mita 3.5 kati ya kupwa na kujaa, maji yakiwa katikati ya safari hupanda karibu milimita 15 kwa dakika. Saa ikikosea sekunde 10, kosa la kimo ni milimita 2.5, na ngalawa moja ikipita jirani inatikisa maji kuliko hapo.

Anayedai ni redio ya daraja. Ujumbe wa baiti 20 kwenye SF9 hukaa hewani milisekunde 185. Nodi ikituma kwa miliampea 29 mara 144 kwa siku, inatumia miliampea-saa 0.21. Daraja likisikiliza linakula miliampea 11. Kama halijui vizuri nodi itasema lini, na likafungua dirisha sekunde 2.5 kabla ya zamu, linasubiri wastani wa sekunde 2.7 kila mara, na hiyo ni miliampea-saa 1.18 kwa siku kwa kila nodi. Nodi tatu ni 3.5. Kusubiri kunakula betri mara tano na ushei ya kusema.

Kupotezana ni kubaya zaidi. Toleo la kwanza la programu lilisema: nodi ikikosa tangazo la saa (ujumbe wa kituo mama wa kusawazisha saa), iache redio wazi hadi ilipate. Tangazo hutoka mara moja kwa saa. Saa nzima ya kusikiliza ni miliampea-saa 11, sawa na utumaji wa siku 50. Sharti hilo limefutwa, na hakuna sharti jingine la "sikiliza mpaka usikie" lililobaki mahali popote kwenye programu.

Kipimo kinachotumika hapa chini ni sehemu kwa milioni, ppm. Saa yenye kosa la ppm 1 hupotea sekunde 0.0864 kwa siku. Ppm 20, ambayo ndiyo huandikwa kwenye pakiti za kristali (vipande vinavyotetemeka na kuipa saa mapigo yake) za kawaida, ni sekunde 1.7 kwa siku, karibu sekunde 52 kwa mwezi.

Wiki ya 1 na ya 2: kristali na kapasita zake

Kristali ni ya 32,768 Hz, umbo la uma mdogo. Namba hiyo ni 2 iliyozidishwa yenyewe mara 15, ndiyo maana mgawanyiko wake hufika sekunde 1 kamili bila salio.

Bodi za kwanza zilikuja na kristali za pF 12.5 (pikofaradi; ndiyo kapasita ambayo kristali imekatwa kuiona) na kapasita mbili za pF 12. Zote zilikimbia: sekunde 3.5 hivi mbele kwa siku, zikifanana. Saa sita zikikosea upande mmoja na kwa kiasi kimoja, usilaumu kristali. Kapasita mbili za pF 12 mfululizo ni pF 6; ongeza pF 3 za njia za bodi na pini, unapata 9. Kristali iliyokatwa kwa pF 12.5 ikipewa 9 hukimbia kwa ppm 40 hivi, na ppm 40 ndiyo sekunde 3.5.

Dawa ya kitabuni ni kubadili kapasita: 2 × (12.5 − 3) = 19, kwa hiyo weka 18 au 20. Tuliweka 18 kwenye bodi mbili. Saa zikatulia, lakini moja ikawa inakataa kuanza ikipigwa umeme ikiwa baridi. Sababu iko kwenye nguvu ya kusukuma kristali. STM32L0 ina ngazi nne za nguvu hiyo, zenye mipaka ya mikroampea kwa volti 0.5, 0.75, 1.7 na 2.7. Mahitaji ya kristali hukua kwa mraba wa pikofaradi zake. Ya pF 12.5 yenye ukinzani wa kiloomu 70 inadai takriban 2.3, yaani ngazi ya juu kabisa na hakuna akiba ya maana. Programu ilikuwa kwenye ngazi ya tatu.

Kishawishi kilichofuata ni kristali ya pF 6, ambayo inadai 0.65 tu na hunywa kidogo. Kwenye meza ni nzuri mno. Lakini angalia inavyoyumba: kristali ya pF 6 hubadilika kama ppm 32 kwa kila pikofaradi inayoongezeka au kupungua, ile ya 12.5 hubadilika 9 tu. Robo ya pikofaradi, kitu ambacho ukungu wa chumvi juu ya bodi unaweza kukileta, ni ppm 8. Maabara yenye kiyoyozi haitaliona hilo. Ufukwe wa Tanga utalionyesha wiki ya kwanza.

Uamuzi: kristali ya pF 9. Inadai 1.28, ngazi ya tatu inatosha. Inayumba ppm 16 kwa pikofaradi. Na 2 × (9 − 3) ni 12, kapasita zilezile zilizokuwa kwenye bodi tangu mwanzo. Tulizirudisha. Kapasita ziwe za aina ya C0G. Za X7R hubadilika na joto na kukuongezea kosa la pili juu ya lile la kristali.

Mambo madogo yanayoua kristali za silinda: kukunja miguu karibu kabisa na kioo chake (hewa inaingia, masafa yanahama polepole kwa wiki kadhaa), na kulehemu silinda kwenye shaba kwa chuma cha moto kwa muda mrefu. Ikibidi kulishika ganda, tumia tone la gundi. Na usiguse pini za kristali kwa kalamu ya osiloskopu ili kuona "kama inapiga": kalamu ina pF 10 au zaidi, itahamisha masafa au kuyazima kabisa, kisha utatafuta kosa ambalo umelileta mwenyewe. Toa masafa kwenye pini nyingine kupitia maikrokontrola, pima huko.

Kuhusu DS3231, chipu ya saa inayojirekebisha yenyewe kwa joto, kwa kuwa kila anayeona mradi huuliza. Ni saa nzuri: ppm 2 kati ya nyuzi 0 na 40, ppm 3.5 nje ya hapo hadi 85. Tunayo moja mezani ya kulinganishia. Haikuwekwa kwenye nodi kwa sababu redio bado inaamshwa na saa ya maikrokontrola, hivyo tungelisha saa mbili. Anayetumia moduli ile ya buluu ya sokoni aangalie kwanza jambo moja: ina njia ya kuchaji betri, rezista ya omu 200 na diodi ndogo ya kioo, ilhali watu huweka CR2032, ambayo haichajiwi. Ng'oa rezista hiyo kabla ya kuweka betri.

Wiki ya 3: kupima bila kifaa cha bei

Kipimo ni mdundo wa GPS wa kila sekunde kutoka moduli ya NEO-6M. Saa ya STM32 imegawanywa kwa 4 na kwa 8192 (4 × 8192 = 32,768), badala ya mgawanyo wa kiwandani wa 128 na 256. Faida: sehemu ya sekunde inasomeka kwa hatua za mikrosekunde 122, badala ya milisekunde 3.9. Usishuke chini ya 4 kwenye mgawanyo wa kwanza, maana hapo rejista ya kurekebisha (mahali ndani ya chipu pa kuandika marekebisho ya mwendo wa saa) haikubali tena kuharakisha saa, inakubali kuichelewesha tu.

Hatua ni fupi. Weka marekebisho yote sifuri. Mdundo unapopiga, soma sehemu ya sekunde. Subiri saa moja. Soma tena. Tofauti gawanya kwa 3600. Hatua ya mikrosekunde 122 katika sekunde 3600 ni ppm 0.034, na hakuna kipima-masafa cha bei nafuu kitakachokupa hivyo. Kinachohitajika ni subira, na joto lisilobadilika katika saa hiyo: pima usiku, sanduku limefunikwa, feni imezimwa.

Mtego wa GPS ulichukua siku mbili. Kituo mama kilipozimwa na kuwashwa, kilitangaza saa iliyokosea sekunde 2, kisha baada ya dakika kadhaa ikaruka yenyewe na kuwa sawa. Saa ya GPS ilianza tarehe 6 Januari 1980 na haihesabu sekunde za nyongeza; tangu 1 Januari 2017 iko mbele ya UTC, saa rasmi ya dunia, kwa sekunde 18. Moduli ya zamani ikiwaka bila kumbukumbu hutumia namba ya zamani iliyofungwa ndani yake hadi isikie namba mpya kutoka angani, na mzunguko mzima wa taarifa hizo ni dakika 12.5. Mdundo ni sahihi muda wote, jina la sekunde ndilo la uongo. Sasa kituo mama hakitangazi chochote mpaka alama ya uhalali wa UTC katika ujumbe wa NAV-TIMEUTC iwe imewaka.

Wiki ya 4 na ya 5: joto

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo miongozo mingi ya mtandaoni hupita haraka kwa sababu imeandikwa na watu wa nchi za baridi.

Kristali ya uma ina kilele karibu na nyuzi 25. Juu au chini ya hapo hupungua kasi kwa 0.034 mara mraba wa tofauti. Kwa nyuzi 35 ni ppm 3.4, si kitu. Kwa 45 ni 13.6. Kwa 52 ni karibu 25, zaidi ya sekunde 2 kwa siku. Sanduku la kijivu la plastiki likianikwa juani kwenye nguzo, ndani hufika huko bila shida. Kwa kuwa hata baridi huchelewesha, saa haipati pa kurudisha ilichopoteza: yote ni kuchelewa.

Usitumie wastani wa joto. Chukua saa inayokaa nusu ya siku kwenye nyuzi 26 na nusu kwenye 50. Wastani ni 38, na 38 inakuambia ppm 5.7. Ukweli ni 10.6, kwa sababu mraba wa joto la mchana haufidiwi na usiku. Nodi isome joto lake na kujirekebisha palepale, kila dakika 5. Kurekebisha mara moja kwa siku kwa wastani ni kujidanganya kwa nusu.

La kwanza lilikuwa rangi nyeupe na kipande cha bati kilichoachiwa nafasi ya sentimita 2 juu ya sanduku, hewa ipite. Hilo peke yake lilishusha kilele cha mchana kuliko programu yoyote ingeweza kufidia.

Kisha kila kristali ikapimwa kwenye joto tatu. Alfajiri, nyuzi 25 hadi 26. Mchana chumbani, 33. Na ndoo ya plastiki yenye kifuniko na balbu ya zamani ya wati 25 ndani, ikisimamiwa kwa kuinua na kushusha kifuniko, 48. Acha nodi dakika 40 kwenye kila joto kabla ya kuanza kipimo cha saa moja. Betri ndiyo hukawia kupata joto. Kuna wanaoweka bodi kwenye jokofu ili wapate upande wa pili wa tao (mchoro wa kasi ya kristali dhidi ya joto). Hatukuona haja: hakuna nodi Tanga itakayoona nyuzi 8, na bodi ikitoka kwenye jokofu inalowa umande papo hapo.

Nukta tatu zinatoa namba tatu: kosa kwenye kilele, joto la kilele, na ukali wa tao. Kwa nodi namba 3 zilitoka +4.1, nyuzi 26.5, na 0.035. Kwa nyuzi 48 hesabu ni 4.1 − 0.035 × 21.5², yaani −12.1. Rejista ya kurekebisha ya STM32 hucheza na mipigo ndani ya dirisha la sekunde 32, na kila hatua ni ppm 0.954. Kuharakisha kwa 12.1 ni hatua 13: CALP iwe 1 (inaongeza 512), CALM iwe 499 (inatoa 499). Kabla ya kuandika, subiri alama ya RECALPF ishuke, vinginevyo maandishi yanapotea kimya. Tulipoteza usiku mmoja wa vipimo kwa hilo.

Joto linasomwa na kipima-joto cha ndani cha STM32, kwa kutumia namba mbili ambazo kiwanda huziacha kwenye kumbukumbu, za nyuzi 30 na 130. Kikisoma nyuzi 2 pembeni hakuna neno mradi kinasoma vilevile kila siku, maana tao lilipimwa kwa kipima-joto hichohicho. Lakini soma mara tu nodi inapoamka, kabla redio haijatuma. Baada ya kutuma, bodi ina joto ambalo kristali bado haijalipata.

Baada ya marekebisho, nodi zote sita zinakaa ndani ya ppm 2 mchana na usiku. Kristali mpya huhama kidogo siku za mwanzo baada ya kulehemiwa, kwa hiyo vipimo vilivyofanywa siku ileile ya kulehemu vilirudiwa vyote.

Wiki ya 6: chumvi

Kwa ufupi. Mabaki ya flaksi chini ya kristali hunyonya unyevu. Yasafishe kwa spiriti ya isopropili na mswaki laini, mara mbili, mara ya pili kwa spiriti safi. Kausha saa moja kwenye nyuzi 50. Ndipo vanishi ipakwe. Vanishi nayo ni pikofaradi: bodi iliyopimwa kabla ya kupakwa ilihama ppm 5 baada ya kupakwa. Mpangilio ni kusafisha, kukausha, vanishi, kusubiri siku 3, kupima joto tatu. Ukigeuza, unarudia.

Wiki ya 7: dirisha linafungwa

Daraja sasa halitegemei tangazo la saa kuijua nodi. Kila ujumbe unaofika ni kipimo: daraja linaandika muda uliofika, linalinganisha na muda uliotarajiwa, linasogeza matarajio ya zamu ijayo. Katika dakika 10, saa mbili zenye kosa la ppm 2 kila moja zinaachana milisekunde 2.4. Dirisha linafunguliwa milisekunde 10 kabla. Kama utangulizi wa ujumbe hausikiki ndani ya alama 10 za LoRa (kila alama ni ms 4.096 kwenye SF9), redio inajizima. Ujumbe ukija, daraja liko macho ms 195 hivi. Kwa siku hiyo ni miliampea-saa 0.086 kwa kila nodi, kutoka 1.18.

Angalia kilichobaki katika 0.086: karibu yote ni ujumbe wenyewe. Saa yenye ppm 0.1 isingeokoa kitu hapo. Redio inahitaji alama kadhaa kutambua utangulizi, na chini ya hapo dirisha halipungui. Anayetaka kununua saa bora ili aokoe betri zaidi afanye hesabu hii kwanza.

Makosa mawili ya wiki hii yanafaa kuandikwa kirefu.

Moja. Nodi zote ziliruka milisekunde 20 nyuma kwa pamoja, siku programu ya kituo mama ilipobadilishwa. Tangazo la saa lilikuwa baiti 12, mtu akaongeza baiti 1 ya hali ya betri. Nodi hupata saa kwa kuandika muda wa ishara ya DIO0, mwisho wa kupokea, kisha kutoa muda wa hewani, uliokuwa umeandikwa kama namba tupu: 144.4. LoRa haikui baiti kwa baiti. Hufunga alama kwa mafungu, na kwenye SF9 baiti ya 13 ilifungua fungu jipya la alama 5, yaani ms 20.5. Muda wa hewani sasa unakokotolewa kutoka urefu halisi wa ujumbe uliopokelewa.

Mbili. Mara moja moja, nodi ilituma dakika 10 nzima kabla ya zamu yake kwa mahesabu yake yenyewe. STM32 ikiamka kutoka usingizi wa Stop, rejista za saa unazozisoma ni nakala, na nakala hiyo bado ni ya kabla ya kulala. Futa alama ya RSF (huwaka nakala ikishasasishwa), subiri iwake, ndipo usome: kwanza sehemu ya sekunde, kisha saa, kisha tarehe. Tarehe isiposomwa, nakala inabaki imefungwa na usomaji ujao ni wa zamani. Kosa hili halionekani mezani, kwa sababu mezani programu huwa inachelewa kidogo na nakala inawahi kusasishwa.

Wiki ya 8 na ya 9: bamvua

Tongoni ilinyamaza. Si nodi moja, zote tatu, siku nne mfululizo, alasiri, kwa karibu saa tatu. Kisha mbili zikarudi na moja haikurudi hadi kesho yake.

Maji yakijaa, antena inashuka kwa kulinganisha na uso wa bahari. Juu ya maji, wimbi la redio linalokwenda moja kwa moja na lile linaloakisiwa na uso wa maji hufika karibu kwa pamoja na kuuana, na kinachobaki hutegemea vimo vya antena zote mbili. Antena iliyo mita 5 juu ya maji yakiwa yamekupwa na mita 1.5 yakiwa yamejaa inapoteza desibeli 10.5, upande wa daraja, kutoka mita 10 hadi 6.5, ni nyingine 3.7. Jumla 14. Wakati wa maji mafu hasara ni ndogo na ujumbe unapita.

Pwani hii bamvua hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri. Ya alfajiri ilipita bila nodi kupotea. Ya alasiri inakuta masanduku yameshapigwa na jua tangu adhuhuri, na hapo ndipo saa ziliachana. Nodi mbili za Tongoni ziko kwenye nguzo wazi kama lilivyo daraja: zinapata joto pamoja, zinachelewa pamoja, na kinachohesabika ni tofauti kati ya saa mbili, si kosa la kila moja. Ya tatu iko chini ya mikoko, kivulini. Hiyo ndiyo iliyopotea. Ikabainika pia kwamba marekebisho ya joto kwenye daraja na kwenye nodi za Tongoni yalikuwa yamezimwa tangu jaribio la wiki ya 7 na hakuna aliyeyarudisha. Daraja likiwa ppm 20 nyuma, saa tatu ni milisekunde 216, na dirisha la ms 10 halioni kitu.

Marekebisho yakarudishwa. Kanuni ya dirisha nayo ikabadilishwa: kila zamu inayopita kimya, dirisha hupanuka ms 2.4 kila upande. Baada ya zamu 18, saa tatu kamili, ni ms 43. Zikipita zamu 36 kimya, daraja hufungua sekunde 2 kila upande, lakini kila zamu ya sita tu. Nodi yenyewe haibadilishi chochote. Inaendelea kusema kwa zamu yake kana kwamba inasikika, na kuweka vipimo 40 vya mwisho kwenye kumbukumbu ili kuvituma njia ikifunguka.

Kurefusha utangulizi wa ujumbe kungefanya kazi ileile kwa programu rahisi zaidi. Tatizo ni kwamba utangulizi mrefu unalipiwa mara 144 kila siku, mwaka mzima, kwa ajili ya alasiri chache za bamvua. Kuinua antena mita 2 kungesaidia kuliko yote, ila nguzo si zetu.

Bamvua iliyofuata: kimya cha saa mbili na dakika 50, nodi zote tatu zikashikwa kwenye zamu ya kwanza maji yalipoanza kutoka. Ya kivulini ilikuja ms 19 pembeni ya matarajio.

Wiki ya 10: skrini

Kumbukumbu zote ziko UTC. Skrini ya kituo mama inasomwa na wavuvi na wakulima wa mwani, kwa hiyo inaonyesha saa ya Kiswahili, ambayo kwa bahati ni UTC kutoa 3: UTC 04:00 ni saa 1 asubuhi. Usichukue tarehe kwa hesabu hiyohiyo. Saa 7 usiku ni UTC 22:00 ya tarehe iliyopita, kwa hiyo tarehe ni ya UTC kuongeza 3 na namba ya saa ni ya UTC kutoa 3. Skrini ilionyesha tarehe ya jana usiku kucha kwa wiki nzima kabla mtu hajauliza.

Yaliyobaki

Kristali ya nodi 5 imehama ppm 1.8 tangu wiki ya 5 na nyingine hazijafika 0.6. Inahama upande mmoja kila wiki, dalili ya ganda linalovuja. Itabadilishwa bamvua ijayo maji yakiwa yamekupwa, nguzo ikifikika kwa miguu, na bodi mpya ikae siku 3 baada ya vanishi kabla ya ndoo na balbu. Daraja lipate betri ya pili sambamba. Si kwa ajili ya kusikiliza, ni kwa ajili ya kutuma mbele, ambako sasa ndiko kunakokula kuliko vyote.